Bei Halisi ya Kazi ya Elimu

Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya maendeleo kwa siku 90 ili ifanyiwe mapitio, na ilipofika tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefunga shughuli zake. Hapa Uganda programu za kusoma katika madarasa ya chini ya shule za msingi, mafunzo ya walimu kazini na tathmini nyingi za miradi zilikuwa zimeegemea mfuko huo kwa miaka mingi. Mikataba ilikatizwa katikati, timu za uwandani zikaitwa zirudi, na mashirika ambayo hayakuwahi kutia saini karatasi yoyote na Wamarekani yakatambua kwamba mishahara yao ilikuwa ikitoka hukohuko, kwa kupitia mashirika makubwa yaliyowapa kazi ndogondogo. Tangu wakati huo, kila ninapokutana na wenzangu wa sekta hii, swali linalotangulia ni wapi tutapata wafadhili wengine.

Swali hilo ni la haki, lakini mimi naliweka la pili. La kwanza ni hili: kazi yetu inagharimu kiasi gani hasa, na ni nani anayelipa gharama hiyo yote? Nimeandika mapendekezo ya miradi na kupanga bajeti za tafiti za elimu kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mashirika mengi ya utafiti na huduma za elimu ya nchini mwetu yanauza kazi yao chini ya gharama, na shirika la namna hiyo haliwezi kuokolewa na wingi wa miradi, kwa sababu kila mkataba mpya unalichimbia shimo zaidi.

Ninaposema mashirika ya utafiti na huduma za elimu, nina maana ya yale yanayopima mambo ambayo watoto wamejifunza na kutathmini miradi ya wengine, na pia kuwanoa walimu, kuandaa vitabu vya kusomea au kuisaidia wilaya kupanga kazi zake. Wengi wanaijua programu ya Uwezo, ambayo tangu 2010 imekuwa ikituma watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba kupima kusoma na kuhesabu, kwa njia iliyotokana na ile ambayo shirika la Pratham liliianza India mwaka 2005. Upande wa serikali kuna baraza la mitihani, UNEB, lenye tathmini ya kitaifa ya NAPE iliyoanza 1996. Chini ya majina hayo makubwa yapo mashirika mengi madogo, yenye wafanyakazi wachache na mkurugenzi ambaye mara nyingi ndiye mwandishi wa ripoti na ndiye mtafuta fedha. Hayo ndiyo ninayoyafikiria ninapoandika.

Tuchukue shirika la kubuni ambalo kwa mwaka linatumia shilingi bilioni 2. Kati ya hizo, milioni 1,600 zinaingia moja kwa moja katika miradi: posho za wakusanyaji wa takwimu, mafuta ya gari, uchapaji wa majaribio ya kusoma, mishahara ya watafiti kwa siku walizofanya kazi hiyo. Milioni 400 zilizobaki ni za kuliweka shirika hai: kodi ya ofisi, mhasibu, mkaguzi wa hesabu, intaneti, bima, mchango wa mwajiri wa asilimia 10 katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, kwa wafanyakazi wasio na mradi maalumu, na wiki zile zote ambazo watu hukaa wakiandika mapendekezo ambayo pengine hayatakubaliwa. Ukigawanya 400 kwa 1,600 unapata asilimia 25. Hicho ndicho kiwango halisi cha gharama za uendeshaji cha shirika hilo. Sasa aje mfadhili anayelipa asilimia 7 tu juu ya gharama za moja kwa moja. Kwa mradi wenye gharama za moja kwa moja za shilingi milioni 200, shirika litapata milioni 14 za uendeshaji ilhali linahitaji 50. Zinapungua milioni 36. Miradi minane ya aina hiyo, ambayo kwenye ripoti ya mwaka ingesomeka kama mafanikio makubwa, inaacha pengo la shilingi milioni 288, na pengo hilo lazima lizibwe na mtu. Kwa kawaida huzibwa na wafanyakazi wenyewe, kwa mishahara inayochelewa na likizo zisizochukuliwa, na huzibwa pia na ubora wa takwimu, jambo ambalo wasomaji wa ripoti hawalioni.

Asilimia 7 sikuiokota hewani. Ndicho kikomo ambacho Umoja wa Ulaya umezoea kukiweka kwa gharama zisizo za moja kwa moja katika ruzuku zake. Fedha za serikali ya Marekani zilimruhusu mpokeaji asiye na kiwango alichokubaliana nao kudai asilimia 10, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kiwango hicho kilipandishwa hadi 15, miezi michache tu kabla ya mfuko wenyewe kufungwa. Wakfu wa Marekani wa Ford Foundation ulifika asilimia 20 mwaka 2016. Tofauti hizi si siri, ziko katika miongozo ya kila mfadhili, lakini nimeona mara nyingi bajeti ikiandikwa kwa kuanzia kiasi kilichotangazwa, kisha kazi ikapunguzwapunguzwa hadi ienee humo. Njia hiyo imepinduka. Bajeti inapaswa kuanzia darasani na barabarani, ihesabu kila kitu kinachohitajika ili mtoto apimwe vizuri, kisha iongezwe sehemu yake ya uendeshaji, na ndipo shirika liamue kama litaomba fedha hizo au litaziacha. Mfadhili anapokuwa na kikomo cha chini, bado inawezekana kuingiza katika gharama za moja kwa moja vitu ambavyo kwa haki ni vya mradi: saa za mhasibu zilizoandikwa katika karatasi za muda wa kazi, sehemu ya kodi kulingana na vyumba vinavyotumika, matengenezo ya tableti. Hilo linahitaji kumbukumbu za kila siku, na kumbukumbu hizo ndizo ambazo mashirika mengi hayana.

Gharama za uwandani zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo watu wa ofisini, wa kwetu na wa ng'ambo, hukosea kwa urahisi. Jaribio la kusoma la aina ya EGRA, lililoundwa na shirika la utafiti la RTI mwaka 2006 na kuenea katika nchi nyingi, linaonekana jepesi: mtoto mmoja, karatasi chache, dakika zisizozidi 20. Lakini mtoto wa darasa la tatu katika wilaya ya Lira anasoma Lëblaŋo, wa Soroti anasoma Ateso, wa Arua anasoma Lugbarati, na jaribio haliwezi kutafsiriwa tu kutoka lugha moja hadi nyingine, maana herufi zinazojirudia, urefu wa maneno na mpangilio wa silabi ni tofauti. Kila lugha inahitaji mwandishi wake, walimu wa kuikagua, na majaribio ya awali katika shule ambazo hazitaingia katika sampuli. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyaka II, ambako Wakongomani wengi huzungumza Kiswahili, huwezi kumchukua msaidizi aliyejifunza Kiswahili cha vitabuni ukamtuma akawahoji wazazi kuhusu shule za watoto wao. Unahitaji mtu anayekisikia Kiswahili cha Kivu kama kinavyosemwa nyumbani, na mtu huyo ana bei yake. Juu ya hayo weka mafunzo ya wakusanyaji, ambayo yakipunguzwa siku mbili huonekana kama uokoaji wa fedha hadi utakapogundua kwamba wakusanyaji wawili wanampa alama tofauti mtoto yuleyule. Weka ukaguzi wa marudio, yaani kurudi katika baadhi ya shule kuhakikisha kwamba mkusanyaji alifika kweli. Weka mvua za Aprili. Nikiona bajeti ya upimaji wa lugha nne yenye mstari mmoja wa tafsiri, najua kwamba bei yake imekadiriwa na mtu ambaye hajakaa chini ya mwembe akisubiri mwalimu mkuu arudi na daftari la mahudhurio.

Kuna gharama nyingine ambazo ni za kisheria na hazipungui kwa sababu mradi ni mdogo. Utafiti unaowahusu watu unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha usajiliwe na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na hatua hizo zina ada na zina wiki za kusubiri. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, na inamtaka anayezikusanya ajisajili. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2016 inataka shirika liwe na idhini na mkataba wa makubaliano na serikali ya wilaya kabla ya kufanya kazi humo. Wapo wanaoyaona haya kuwa usumbufu mtupu. Mimi nayahesabu kuwa sehemu ya mtaji wetu. Kampuni ya ushauri ya London inayoshinda tathmini ya miezi sita hapa Uganda haina muda wa kujifunza njia hizi, na shirika lenye makubaliano hai na wilaya saba, usajili uliokamilika na fomu za ridhaa zilizokwisha kutafsiriwa katika lugha sita linauza kitu ambacho mgeni hawezi kukinunua kwingine. Tatizo ni kwamba tunakitoa bure. Hakuna hata mstari wake katika bajeti tunazowapelekea.

Hapo tunaingia katika suala la kufanya kazi chini ya shirika kubwa. Wengi wetu tumepata kazi kwa njia hiyo, na itaendelea kuwa njia muhimu. Desturi ninayoipinga ni ile ya mwombaji mkuu, yaani shirika kubwa linaloongoza maombi ya kazi, kuomba wasifu wa watafiti wetu na orodha ya kazi tulizofanya, akavitumia kujipatia alama za uzoefu wa nchini, kisha baada ya kushinda akatupunguzia kazi hadi tukabaki kuwa wakodishaji wa magari na wakusanyaji. Nimeona hayo yakitokea, na dawa yake haina ufundi mkubwa: makubaliano ya maandishi kabla ya kutoa wasifu hata mmoja, yanayotaja kazi zitakazokuwa zetu, asilimia ya bajeti tutakayopata, haki ya kutajwa miongoni mwa waandishi wa ripoti, na haki ya kubaki na vipimo tulivyovitengeneza. Mwombaji asiyekubali kuyaandika hayo ameshatuonyesha mapema namna atakavyotuheshimu baadaye.

Utaratibu wa malipo nao unaweza kuliangusha shirika hata kama bei ni nzuri. Mikataba ya ushauri hulipa kwa hatua, mathalani asilimia 20 ripoti ya mwanzo inapokubaliwa, 40 rasimu inapowasilishwa, na 40 ripoti ya mwisho inapopitishwa, ilhali sehemu kubwa ya matumizi iko katikati, wakati timu ziko barabarani. Mteja aliyeteuliwa kuwa wakala wa kodi hukata asilimia 6 ya zuio kwa ajili ya mamlaka ya mapato, URA, kwa hiyo kwenye ankara ya shilingi milioni 250 kuna milioni 15 ambazo shirika haliwezi kuzitumia mwezi huo, hata kama mwishowe zitahesabiwa katika kodi yake au shirika lina haki ya kupata cheti cha msamaha. Ongeza mteja anayekaa na rasimu miezi mitatu bila kutoa maoni. Ushauri wangu kwa bodi za mashirika haya ni kuweka akiba ya gharama za miezi mitatu au minne kabla ya kufikiria kununua gari jipya, na akiba hiyo haiwezi kutoka katika ruzuku ambayo kila shilingi yake imepangiwa kazi; inatoka katika faida halali ya kazi za ushauri. Bado wapo viongozi wanaoona haya kulitaja neno faida kwa sababu shirika lao limesajiliwa kama kampuni ya dhamana isiyogawana mapato. Sheria inakataza wanachama kugawana. Haimkatazi mtu kubaki na kitu baada ya kulipa madeni yake.

Basi ni nani wa kumuuzia? Serikali kuu ni mnunuzi wa kweli, lakini wa polepole, na anayetaka kuingia huko lazima asome taratibu za manunuzi zilizotokana na Sheria ya PPDA ya 2003 na miongozo ya 2018 inayotengea watoa huduma wa ndani baadhi ya zabuni. Wilaya ni jambo jingine. Fedha zake nyingi hutoka serikali kuu zikiwa na masharti ya matumizi, kwa hiyo Afisa Elimu wa Wilaya anaweza kuipenda kazi yako kwa moyo wote na asiwe na mahali pa kuichotea shilingi. Thamani ya wilaya iko katika kalenda yake. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa mfumo wa bajeti, unaotaja vipaumbele, unafikishwa Bungeni kufikia tarehe 31 Desemba na bajeti inapitishwa kabla ya Mei kwisha. Anayepeleka matokeo ya utafiti wake wilayani mwezi Machi amekuta vipaumbele vimekwisha kuandikwa. Akifika Septemba, akiwa na kurasa mbili zinazoonyesha ni tarafa zipi watoto wamekwama kwenye kusoma sentensi, anaweza kuona maneno yake yakiingia katika mpango wa wilaya, na mfadhili ajaye atakapouliza matokeo ya utafiti yalitumikaje, jibu litakuwepo kwa maandishi.

Soko ambalo naliona limepuuzwa ni la shule binafsi za sekondari, ambazo nchini mwetu ni nyingi kuliko za serikali. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, muda mfupi kabla ya shule kufungwa, zote au kwa sehemu, tangu Machi mwaka huo hadi Januari 2022, na watahiniwa wa kwanza wa UCE, yaani mtihani wa kumaliza ngazi hiyo, chini ya mtaala huo walifanya mtihani 2024. Sasa asilimia 20 ya alama inatokana na tathmini inayofanywa shuleni. Walimu wengi walizoezwa kutunga maswali ya kukariri, na leo wanatakiwa kusimamia miradi ya wanafunzi na kuipa alama kwa haki. Wakuu wa shule wanalijua pengo hilo na wako tayari kulipia msaada unaoonekana. Shirika linalojua upimaji linaweza kuwauzia mafunzo ya siku mbili yanayofuatwa na ukaguzi wa sampuli za alama kila muhula, kwa bei iliyotangazwa wazi, inayolipwa wiki za mwanzo wa muhula wakati ada zinaingia. Mapato yake si makubwa kwa shule moja. Lakini hayana masharti ya mfadhili, na yanaweza kulipa mshahara wa mhasibu mwaka mzima bila kungoja mwaliko wa maombi kutoka Brussels au Washington.

Hapa kuna mpaka unaopaswa kulindwa kwa nguvu zote. Shirika lililowafunza walimu wa shule fulani haliwezi kuwa mtathmini huru wa matokeo ya mafunzo hayo, hata kama wafanyakazi wake ni waadilifu kiasi gani. Nimesikia hoja kwamba idara mbili tofauti zinatosha. Hazitoshi, ikiwa mkurugenzi ni mmoja na akaunti ya benki ni moja. Shirika linalofanya yote mawili liandike sera fupi inayotaja wilaya na miradi ambayo halitaitathmini, liiweke hadharani, na liiambatishe katika kila pendekezo. Litapoteza baadhi ya kazi. Jina la mtafiti aliyepima kazi yake mwenyewe akaisifu haliwezi kurudishiwa heshima kwa mkataba wowote.

Na kuna kazi za kukataliwa tangu mwanzo. Kabla ya kuanza kuandika, timu iulize kama inamfahamu mteja, kama imewahi kufanya kazi inayofanana, kama fedha zinafunika gharama halisi, na kama kuna mtu wa kuiongoza kazi hiyo ambaye hajaahidiwa kwingine. Jibu likiwa hapana kwa mawili kati ya hayo, karatasi ziwekwe kando. Najua ni vigumu kumwambia mkurugenzi hivyo wakati mishahara ya mwezi ujao haijulikani itatoka wapi. Lakini wiki tatu zilizotumika kuandika pendekezo dhaifu ni wiki tatu ambazo hakuna aliyemtembelea mteja wa zamani, aliyekwisha kuridhika, kumuuliza ana mpango gani mwaka ujao.

Ningependa kuona shirika moja la kwetu likianza na Kiswahili. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu ni wachache. Wakati huohuo, katika baadhi ya shule za wilaya za Isingiro na Kyegegwa, yaliko makazi ya Nakivale na Kyaka II, wamo watoto waliokuja nacho kutoka nyumbani, wakiketi dawati moja na wenzao ambao hawajakisikia kamwe. Kipimo cha kusoma na kuzungumza Kiswahili kilichotungwa kwa ajili ya madarasa ya aina hiyo kingehitajika na wizara, na vyuo vya walimu, na mashirika yanayohudumia wakimbizi, na shule binafsi zinazotaka kujua kama mwalimu waliyemwajiri anafundisha. Kukitunga kungetaka mwaka mzima wa kazi ya waandishi, walimu na wakusanyaji, na mwaka huo mtu lazima aulipe. Ningetafuta mfuko wa kulipia utungaji peke yake, nikahakikisha mkataba unaliachia shirika haki ya kipimo, kisha ningekipangia bei ya kila shule na kila wilaya itakayokitumia, huku asilimia ya uendeshaji ikiwa imo ndani ya bei hiyo tangu ankara ya kwanza.